Theluji Mbele ya Nyumba ya Diwani

Jumatatu, 5 Januari

Theluji imefika magotini, nami nina furaha ya kitoto. Uchaguzi wa diwani ni mwezi ujao, na kampeni ya kwenye theluji ndiyo ninayoijua mimi. Nimechimba nafasi ya gari langu mbele ya saluni yangu, nikaweka kiti chekundu katikati yake. Hapa Chicago aliyechimba ndiye mwenye nafasi mpaka theluji iyeyuke. Kiti kikishakaa, hata padri hathubutu kukigusa.

Kabla sijavua buti, simu ikalia. Alikuwa Renata Rokosz, diwani wetu, shoga yangu tangu darasa la kwanza, anayeniita Danka badala ya Danuta.

"Danka, umeshachimba?"

"Nimemaliza sasa hivi."

"Na mimi pia. Mgongo wote umekufa ganzi."

Huyo ndiye Renata. Yumo kwenye baraza la jiji tangu nywele zake ni nyeusi za kuzaliwa nazo, si hizi ninazompaka mimi kila Ijumaa, na bado anachimba mwenyewe. Bango lake la mwaka huu linamwonyesha ameshika beleshi, pua nyekundu, na maneno makubwa: NACHIMBA MWENYEWE. Wazee wa mtaa wanalipenda bango hilo kuliko picha ya Papa.

Alhamisi, 8 Januari

Baridi ya kupasua meno. Wateja wachache, umbea kidogo.

Jumapili, 11 Januari

Baada ya misa tulinywa kahawa ukumbini chini ya kanisa, na Renata akanitangaza mkuu wa kampeni wa mtaa wetu. Kazi yangu ni kubisha milango, kujua nani mgonjwa, nani amenuna, nani atahitaji kushikwa mkono siku ya kura. Nilipiga makofi ya kujipongeza mwenyewe, watu wakacheka.

Mpinzani wetu ni wakili anayeitwa Fenner. Amehamia hapa juzijuzi, anakunywa kahawa ya maziwa ya shayiri na hajui jina la jirani yake. Lupe Arizmendi, msaidizi wangu saluni, anasema hata hivyo atampigia kura, kwa kuwa Renata amekaa mno.

"Wewe ukimpenda mtu unafumba na macho, dada Danuta," akaniambia.

"Nifumbe macho mimi? Nakupaka rangi ya nywele bila miwani."

"Ndiyo maana nyingine hutoka kijani."

Jumatano, 14 Januari

Lazima niandike.

Saa tatu asubuhi nilikuwa nikimfunga roli za nywele Bi. Stefania. Ghafla magari meusi yakasimama upande wa pili wa barabara, mbele ya ofisi ya Renata. Wakashuka watu wenye makoti ya buluu yenye maandishi ya njano mgongoni. Makachero wa serikali ya shirikisho, wakubwa kabisa, si polisi wetu hawa wa jiji tunaowajua kwa majina. Wanawake wote saluni walihamia dirishani. Bi. Stefania alikwenda na roli zake na taulo shingoni.

"Wanabeba kompyuta," akasema.

"Wanabeba hata kalenda ya parokia," akasema Lupe.

Kisha Renata akatoka, mgongo umenyooka, akasimama kwenye baridi bila koti. Aliniona dirishani akaninyooshea kidole gumba. Nilitaka kulia na kushangilia kwa wakati mmoja. Nilivuka barabara na koti langu, nikamvika mbele ya makachero na kamera za televisheni.

Halafu nikashtuka. Kamera za televisheni zilikuwa zimefika kabla ya makachero. Nilizikuta zimeshasimikwa kwenye miguu yake mitatu, na mpiga picha ameshamaliza mkate wake. Nani aliwaita?

Alhamisi, 15 Januari

Gazeti limemwaga yote. Wanadai mjenzi Kirwan amemtengenezea Renata nyumba bure, paa jipya na mtambo mpya wa kupasha nyumba joto, ili Kirwan apewe kibali cha kupandisha jengo refu pale palipokuwa na kiwanda cha soseji. Ni kweli kibali kimepita. Ni kweli pia kwamba Renata aliwahi kutuahidi hakitapita. Alipogeuka alitueleza sababu, ajira na kadhalika, nasi tukaelewa.

Nilikwenda ofisini kwake tukaketi katikati ya meza tupu.

"Niangalie machoni," nikamwambia. "Kuna chochote?"

"Danka, sijawahi kumkaribisha mtu wa Kirwan nyumbani kwangu. Hata mlangoni hajafika. Paa nililipa mwenyewe."

Hilo linanitosha. Sasa naomba na wao wanijibu. Upelelezi huu, kwa maneno yao wenyewe, una zaidi ya mwaka. Kwa nini wavunje mlango sasa, wiki chache kabla ya kura? Na mwendesha mashtaka wao, anayeonekana kwenye kila kituo cha televisheni amechana nywele vizuri, si ndiye kila mtu anasema anautaka ugavana? Nina hasira, na hasira hii ni tamu. Nimeandika kwa kalamu nene kwenye kioo cha saluni: NANI ALIWAITA WAANDISHI?

Jumatatu, 19 Januari

Nimepata! Kijana mmoja wa televisheni alikuja kurekodi maandishi ya kioo changu. Nikamkalisha, nikampa kahawa na keki ya mbegu nyeusi za mpopi, nikamnyoa na ndevu. Akiwa na povu usoni akaniambia kituo chao kilipigiwa simu jioni ya kuamkia siku ile. Na simu ilitoka huko huko kwa wakubwa wa makachero.

"Usinitaje, mama."

"Sikutaji, mwanangu. Geuza shavu."

Nimemwambia mtaa mzima bila kumtaja. Watu wamefurika saluni hata wasio na nywele. Mzee Zenon Bielak, jirani yangu mwenye kipara na umri wa miaka themanini, amekaa kwenye kiti cha kuoshea saa nzima akieleza jinsi serikali ya kikomunisti ilivyokuwa ikiwapekua watu huko kwao Ulaya, Gdansk, kabla ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi. Tangu nifungue saluni hii sijawahi kuwa na wiki kama hii.

Jumamosi, 24 Januari

Milango, milango, milango. Vidole vya miguu sivisikii. Kila mlango wananiambia: mwambie Renata tuko naye.

Jumapili, 1 Februari

Tufani ya theluji. Misa imeahirishwa, jambo ambalo hata tufani kubwa ya utotoni mwangu haikulileta.

Jumatatu, 2 Februari

Magari yamekuwa vichuguu. Mtaa wote uko nje na mabeleshi, tunachimba, tunapeana chai ya ndimu yenye kitu kidogo ndani yake. Mzee Zenon amechimba nafasi yake peke yake na kukataa msaada. Ameweka viti viwili na ubao wa kupigia pasi juu yake, na ameshinda dirishani akiulinda.

Alhamisi, 5 Februari

Lazima niweke hili lote, hata kama saluni itachelewa kufunguliwa.

Jana mtu alitoa viti vya Mzee Zenon, akavitupa pembeni na kuegesha gari la kijivu. Mzee alikuwa amekwenda hospitali kupimwa presha. Aliporudi, presha ilikuwa imepanda tena. Hapa kwetu kosa hilo lina adhabu yake, na hakuna anayeuliza ni nani aliyeitekeleza. Nitasema tu kwamba ndoo za maji zilikuwepo, mabomba yalikuwepo, na leo asubuhi gari la kijivu lilikuwa limevikwa barafu toka paa hadi magurudumu.

Saa nne wakaingia saluni mwanamume na mwanamke, viatu vyembamba, masikio mekundu. Usiku walikuwa wameliacha gari wakaenda kutafuta kahawa na usingizi, wakarudi na kulikuta limekuwa jiwe.

"Samahani, mnaweza kutusaidia maji ya moto?"

"Mliegesha wapi?" nikauliza, nikiwa najua.

"Pale. Kulikuwa na takataka barabarani, tukaziondoa."

Bi. Stefania akavua miwani. "Takataka," akarudia polepole. Lupe aliingia chumba cha nyuma ili acheke vizuri.

Mwanamume akaona hana budi, akatoa kitambulisho. Makachero! Walikuwa wakimvizia Renata kutoka mbele ya dirisha la Mzee Zenon, na sisi tumewagandisha. Mimi sikujua kama nikimbie au nicheke, nikacheka.

Mwanamke, ambaye alionekana mwenye akili zaidi, aliniambia kwa upole, "Bi. Pytel, wewe unamfahamu diwani kuliko mtu yeyote. Tungependa kuzungumza nawe."

"Mimi nami ningependa. Nani aliwaita waandishi?"

Akaacha kadi yake mezani, nami nikaitumia kukwangulia rangi kwenye sinki. Watu waliozaliwa kwenye jua, nikamwambia Lupe, wametumwa kutupeleleza na hawajui hata kiti ni nini. Wataujuaje ukweli wetu?

Alhamisi, 12 Februari

Alhamisi ya maandazi, siku yetu ya kula vitamu kabla ya Kwaresima. Nimekula matano ya jamu ya waridi na siombi radhi.

Renata alikuja na boksi zima. Akanivuta pembeni. Jumapili ya mwisho kabla ya kura kutakuwa na mkutano ukumbini, na anataka nisimame mimi, si mbunge wala padri.

"Mtaa unakuamini wewe, Danka. Simama useme unanijua na sina doa. Basi. Ukisema wewe, nimeshinda."

Nilimkumbatia mpaka sukari ikamganda kotini. Sijawahi kuombwa jambo kubwa hivi. Nimeanza kufanya mazoezi mbele ya kioo, na Lupe ananipigia makofi ya kejeli.

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Theluji tena. Kura ni Jumanne.

Ijumaa, 20 Februari

Leo gazeti limetoa picha. Imevuja, wanasema, kutoka kwenye jalada la upelelezi. Imevuja siku nne kabla ya kura! Ni picha ya alfajiri, tarehe 20 Desemba, kwenye geti la nyumba ya Renata. Renata amevaa gauni la kulalia na koti. Mbele yake mwanamume kibonge, msimamizi wa kazi za Kirwan. Bahasha iko kati yao, mikono ya wote wawili imeishika. Chini wameandika: *Mtu wa mjenzi akimkabidhi diwani bahasha.*

Nilichukua kioo cha kukuzia cha Bi. Stefania, nikainama juu ya gazeti nikitafuta kosa. Nililijua lipo. Na nikaliona. Pembeni mwa bahasha kulikuwa na nyota ndogo ya karatasi ya buluu.

Nilipiga ukelele ambao umemtoa Mzee Zenon nyumbani kwake. Nyota zile nilizibandika mimi kwa gundi, mimi na akina mama wa parokia, Novemba yote. Ni bahasha ya oplatek, mkate mwembamba wa Krismasi tunaomegeana mezani. Ndani yake hamna senti. Na zinagawiwa parokiani kwetu. Huyo kibonge si wa parokia yetu. Kwa hiyo hakumpa Renata kitu. Renata ndiye aliyempa yeye!

"Wameisoma picha kinyumenyume," nikawaambia. "Mwaka mzima wa upelelezi, na hawajui mkate wa Krismasi."

Saluni ilikuwa kama harusi. Bi. Stefania alikuwa ameshaanza kutafuta namba ya televisheni. Mzee Zenon akanibusu mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nikicheka kwa furaha, machozi yananitoka, nikisema tumeshinda, tumeshinda.

Lupe alikuwa bado ameshika gazeti.

"Kwani mikate hiyo mnampa nani?" akauliza.

"Ndugu. Na mtu aliyekuhudumia mwaka mzima. Tarishi, muuguzi, mtu wa namna hiyo."

"Na huyu amemhudumia nini?"

Lupe akaweka kidole kwenye picha, chini kidogo. Kwapani mwa yule mwanamume kulikuwa na beleshi. Nyuma yake barabara yote nyeupe, magari yote yamefunikwa, isipokuwa mahali pamoja palipochimbwa mraba safi mpaka lami. Katikati ya mraba huo kimesimama kiti cha buluu cha Renata. Na Renata mwenyewe miguuni ana sandali za ndani, kavu kabisa.

Mzee Zenon aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akarudisha kioo cha kukuzia kwa mwenyewe, akaenda zake bila kuaga. Bi. Stefania akaweka simu chini.

Makachero wameipiga picha ile, wameitazama miezi miwili, na hawakuona kilichomo. Niliona mimi. Aliyechimba nafasi ile si Renata.

Jumamosi, 21 Februari

Nilikwenda kwake asubuhi. Nyumba ilikuwa na joto la kupendeza. Mwaka jana tulikaa humo humo tukinywa chai na makoti mwilini. Leo nilivua sweta kabla sijaketi. Renata aliona nikilivua, nami nikaona ameona.

"Ni oplatek," nikamwambia. "Kwenye picha."

"Najua! Nilitaka kukupigia. Kesho uwaambie, Danka. Wataaibika hao."

"Tangu lini anakuchimbia?"

Akamimina chai. "Mgongo wangu, unaujua. Anapita njia hii kwenda kazini. Kajitolea."

"Ulinipigia simu Januari. Ukasema umechimba."

"Nilisema hivyo kwa mazoea."

"Ulisema hajafika hata mlangoni. Na paa? Na joto hili?"

Akanisogezea kikombe. Alisema, "Wale watu wananionea kwa ajili ya uchaguzi. Wewe mwenyewe umeandika kwenye kioo chako. Ulikuwa uongo?"

"Haukuwa uongo."

"Basi simama nami."

Nilivaa sweta nikiwa barabarani. Nampenda. Nimempenda tangu alipompiga Krystyna kwa ajili yangu uwanjani, darasa la pili. Sijui nitasema nini kesho.

Jumapili, 22 Februari

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Bango la beleshi lilikuwa nyuma yangu, kubwa kama mlango wa gereji. Renata alikaa mstari wa mbele, na nywele zake nzuri. Juzi ndiyo Ijumaa ya kwanza hakuja, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu ya wiki iliyotangulia, bado imeshika.

Nikashika kipaza sauti. Nikasema makachero wamekuja kwa hila. Nikasema waliita waandishi kabla ya kugonga mlango, na wamevujisha picha wasiyoielewa, na yeyote atakayekuwa gavana kwa njia hii hatapata kura yangu. Watu walisimama wakapiga makofi. Moyo wangu ulikuwa unaruka. Ningeweza kuishia hapo, na namshukuru Mungu kwa kunijulisha ladha ya makofi yale, maana ilikuwa tamu.

"Nimeombwa niseme Renata hana doa," nikaendelea. "Hilo siwezi kulisema."

Bi. Stefania akaniuliza kutoka kwenye kiti chake, kama tuko saluni, "Kwa nini huwezi, Danuta?"

"Muulizeni yeye. Muulizeni ni nani anayechimba mbele ya nyumba yake."

Shutuma ya paa waliisamehe. Ya mtambo wa joto waliisamehe. Ya kibali waliijadili wakaisamehe. Sasa watu waliokuwa wameona picha na kujitia hawajaona waligeuka wote kumwangalia. Renata alisimama, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, na angeweza kusema lolote. Angesema mgongo, wangemhurumia. Angeomba msamaha.

"Jamani," akasema, akicheka kidogo. "Ni theluji tu."

Mzee Zenon aliinuka. Akavaa kofia yake, akaivuta hadi masikioni, akatoka. Wakamfuata mmoja mmoja, bila kelele, wakikunja viti vyao na kuviegemeza ukutani kama tunavyofanya siku zote.

Jumanne, 24 Februari

Nimewashika mkono wazee wote niliowaahidi, nikawapeleka kupiga kura na kuwarudisha. Sikumuuliza yeyote amempigia nani. Fenner ameshinda, na kwa mtaa wetu ameshinda kwa kishindo. Alinipigia simu kunishukuru. Nikamwambia namchunga, na ajifunze jina la jirani yake. Nimefuta kioo, kisha nikayaandika maneno yale yale upya, maana makachero bado hawajanijibu.

Ijumaa, 27 Februari

Saa nne mlango ukafunguka, akaingia Renata. Lupe akakumbuka ghafla ana kazi chumba cha nyuma.

"Nafasi yangu ipo?"

"Ijumaa ni yako."

Akaketi, nikamlaza kichwa kwenye sinki. Mvi zimeanza kutokeza kwenye mizizi. Nikaosha povu la kwanza, nikapaka la pili.

"Wameshanishtaki, na Jumatatu nasimama mbele ya jaji," akasema, macho amefumba. "Nataka nipendeze."

"Utapendeza."

"Umenimaliza, Danka."

"Najua."

Maji yalikuwa yanapita kati ya vidole vyangu na nywele zake. Nilifikiri atainuka aondoke, na nisingemlaumu. Badala yake akasema kitu, sauti ndogo sana, sikukipata. Paa, nilisikia. Nilisikia pia jina la Kirwan, na neno nitakiri.

"Wakili wangu hajui bado," akasema. "Hakuna anayejua. Nimeanza na wewe."

Nikazima maji, nikamwomba arudie tangu mwanzo, naye akarudia.